Moshi Ndani ya Tone

Mvua ya mawe ilikuja tarehe tisa Julai, saa kumi alasiri,
dakika sita tu.
Nilizihesabu nikiwa chini ya trekta, kofia mdomoni,
kama mtoto anavyohesabu fimbo.

Mahindi yalikuwa yamefika kifuani.
Yakasimama tena. Mahindi hayana kiburi cha mti mkubwa:
yanachanika, yanainama, kesho yanaamka na jua.
Nikamwambia jirani yangu Verlin, tumeponea chupuchupu.

Siku ya kumi na mbili nikaona michirizi.
Rangi ya majani ya chai, kingo zimelowa
kama karatasi iliyofungiwa soseji,
na ndani yake madoadoa meusi, madogo,
kama yale ya mashavuni mwa marehemu Adela alipokuwa msichana.
Juu ya jani kitu kimekauka, kinang'aa:
njia ya konokono,
vanishi ya jeneza.

Sikuuliza mtu. Verlin alikuwa ameita ndege,
nami nikaita ndege.
Rubani akapita juu ya ekari mia tatu na ishirini
akinyunyiza dawa ya ukungu,
na hundi nikaiandika kwa mkono uliotulia.
Wiki mbili baadaye michirizi ilikuwa imefika jani la suke.

Mkaza mwanangu Rosalva,
ambaye baba yake alikata nyama kiwandani miaka kumi na tisa
ili binti asomee vidudu,
alichuma jani moja, hakusema neno.
Jikoni akakata kipande kwa wembe,
akakilaza kwenye tone la maji,
akafunika kwa kioo, akanisogezea hadubini.
"Tazama ukingoni."

Jani lilikuwa linatoa moshi.
Moshi ndani ya maji,
ukimiminika kutoka kwenye mishipa iliyokatwa
polepole, bila kukoma.
"Ndio hao," akasema. "Bakteria. Si ukungu.
Dawa yako haikupotea njia. Haikuwa yao tu."

"Waliingilia wapi?"
"Kila mahali mawe yalipochana."
"Na walitoka wapi?"
Akageuka dirishani,
kwenye mabua ya mwaka jana na ya mwaka juzi,
zulia langu, fahari yangu.

Hili niliseme taratibu.
Babu yangu alizikwa na vumbi la Nebraska kifuani.
Baba akanifunza: ardhi usiivue nguo.
Miaka ishirini na saba sijagusa plau.
Mabua nayaacha yalale yalipoanguka,
upepo ukija uwakute walinzi.
Kumbe walinzi wangu walikuwa wamemlaza mgeni,
wamemfunika majira yote ya theluji,
na mimi nikipita hapo kila asubuhi, napiga mluzi.

Usiku ule tulibishana hadi kahawa ikaisha.
Dwain, mwanangu, alitaka plau kesho yake.
Rosalva akasema si lazima tuivue nguo yote.
Panda soya, mwaka unaofuata ngano,
mgeni afe njaa huku mabua yakioza kwa wakati wao.
Ng'oa magugu ya kingoni, maana humo pia hulala.
Chukua mbegu inayomvumilia,
hata muuzaji akisifia nyingine kwa kalenda na kofia ya bure.
Na kombaini uioshe kabla haijavuka barabara.

"Na shamba la mwaka huu?"
"La mwaka huu halina dawa."

Nimemzika mke kwa sentensi kama hiyo.
Nikainuka, nikasuuza vikombe.

Oktoba tukavuna kilichokuwepo. Ghala likasikika tupu
hata nilipokuwa nalijaza.
Kisha nikasimama na mpira wa maji kwenye baridi
nikichokoa makapi kwenye meno ya kombaini,
kwenye mikunjo ambayo sikujua ipo,
vidole vimekufa ganzi.

Verlin akapita na gari lake, akapunguza mwendo,
akauliza kama nimeamua kuiuza.
"Hapana. Naiosha."
Akacheka. Gari likasogea kidogo, likasimama.
Akateremsha kioo mpaka chini.
"Unaiosha nini?"

Nikafunga maji, nikamwita ndani.
Hadubini ilikuwa bado mezani,
karibu na chumvi.